Madaftari Ishirini na Manne Yaliyobaki

Mwalimu,

Madaftari yamerudi shuleni. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujauliza kama nakula au kama paa la jikoni limezibwa. Yamerudi yote arobaini na matatu ya darasa la sita, yale uliyokuja nayo kwenye kapu Ijumaa ile. Lakini yamechelewa miezi mitatu, na aliyeyachelewesha ni mimi. Nilisema uongo, Mwalimu. Nilimwambia Mwalimu Mkuu uongo humu humu ndani, yeye amekaa kwenye kiti chako.

Nitakueleza ilivyokuwa. Unajua mimi wa kuandika si sana, la saba yangu ni ile ile, lakini nitajitahidi kufuata mstari.

Jumamosi ile ulikaa barazani na madaftari, mimi nikiwa kwenye kichanja nageuza kahawa. Ulikuwa unasahihisha mfumo wa jua. Nilikusikia ukicheka peke yako, nikakuuliza kuna nini, ukasema, "Huyu kanipa sayari tisa, kaongeza kijiji cha Litembo." Kisha ukafungua jingine, ukaingia ndani kunywa maji. Nikasikia kikombe kikianguka. Sikusikia kingine.

Ulikuwa umesahihisha kumi na tisa. La ishirini lilikuwa limefunguliwa mezani, kalamu nyekundu imelala katikati yake. Tuliporudi kutoka hospitali na mwili wako, watu walikuwa wameshafika, wanawake wanahamisha vyombo, vijana wanafunga turubai. Nikaona mtu anataka kuiondoa ile meza. Nikayachukua madaftari pamoja na kapu lake, nikayasukuma chini ya kitanda. La ishirini nililifunga bila kuitoa kalamu.

Baada ya arobaini akaja Mwalimu Mkuu. Alikaa, akanywa chai, akasema habari za mvua, kisha akauliza taratibu, "Mzee Kosmasi, yale madaftari ya darasa la sita hayakubaki hapa? Watoto wanadaiwa alama za mada ile." Nikamjibu, "Sikuyaona, Mwalimu. Labda aliyaacha ofisini." Akaniangalia. Akasema, "Basi, pole sana," akaaga.

Ningemwambia nini? Kwamba kwenye yale kumi na tisa kuna mwandiko wako, ule mdogo unaolalia kushoto, na sina mwandiko wako mwingine ila kwenye cheti cha ndoa? Hukuwahi kuniandikia barua. Tulikuwa nyumba moja, ungeniandikia ya nini.

Niliyasoma. Mchana, kahawa ikishaanikwa, nilikuwa nafunga mlango nasoma moja moja. Wameandika Zebaki, Zuhura, Dunia kwa mpangilio, hawakukosea hata mmoja, isipokuwa yule wa Litembo. Mwalimu mwingine angeweka tiki akamaliza. Wewe hukuweka tiki. Chini ya kila jibu zuri uliandika neno moja, "Nionyeshe." Na pembeni, kwa herufi ndogo zaidi, yale uliyotaka kumuuliza mtoto huyo na si mwingine: "Ashike boga azunguke." "Usiku uko upande gani wa mtama?" "Kwa nini mwezi hauungui?"

Maana ndivyo ulivyokuwa ukipima. Boga kubwa kutoka shambani kwetu ndilo jua, unalikalisha kizingitini mwa darasa. Dunia ni punje ya mtama. Unampa mtoto ile punje, unamwambia atembee hadi pale ambapo dunia inapaswa kuwa. Waliozoea picha ya kitabuni walisimama hatua mbili kutoka kwenye boga. Ukawa unawaambia, "Endelea. Endelea tu." Hadi wanafika kwenye mlingoti wa bendera, wanageuka, wanaliona boga dogo kule mlangoni, na uso wa mtoto unabadilika. Hapo ndipo ulipoweka tiki. Niliwahi kupita nimebeba mbolea nikakukuta unalia kidogo kwa sababu mtoto mmoja alifika mlingotini akasema, "Mwalimu, mbona tuko peke yetu hivi?" Jioni ukaniambia, huyu ameelewa kuliko mimi.

Mwalimu, na mimi niko mlingotini siku hizi.

Napika ugali mwingi mno. Mkono haujajifunza. Nakaa upande wangu wa meza. Majirani ni wema, sisemi vibaya juu yao. Jumuiya ya kanisani ilikuja kuvuna kahawa siku mbili mfululizo bila kuitwa. Wananipa pole, wananiambia nile, nilale, nisikae peke yangu. Wananiambia mengi. Lakini hakuna anayeniuliza kitu. Miaka ishirini na mmoja niliulizwa maswali kila siku ya Mungu, na sasa siulizwi. Hilo sikujua kama linaweza kumfanya mtu mzima akae kwenye ukingo wa kitanda na kiatu kimoja mkononi.

Kila swali lako la sayansi lilipita kwangu kwanza. "Wewe ndiye mjinga wangu wa kwanza," ulisema, "ukielewa wewe, darasa zima litaelewa." Nachambua maharage, unauliza kwa nini mwezi unapungua. Nakata kuni, unauliza kiangazi kinatoka wapi. Na lile swali moja, ambalo ulianza kuniuliza kwa mama yako kule Mbaha ziwani, mwaka tuliooana. Nilikuwa sijawahi kuona jua likizama ziwani. Kwetu huku mlimani linapita nyuma ya kilima, basi, watu wanaingiza mbuzi. Kule lilikuwa linashuka polepole juu ya maji kuelekea milima ya Malawi, na mama yako anakusanya dagaa wa usipa alioanika, nami nimesimama kama mgeni. Ukaniuliza, "Kosmasi, jua likizama linakwenda wapi?" Nikasema, "Malawi." Mama yako akacheka hadi akaangusha ungo. Ukasema, "Umekosa. Nitakuuliza tena."

Ukaniuliza tena. Mwaka hadi mwaka. Hata safari yetu ya mwisho kule, simu yangu ilipodaka mtandao wa ng'ambo na saa ikarudi nyuma saa nzima, nikakuonyesha, nikasema, "Unaona? Jua lao linachelewa kwa sababu ndiyo kwanza linawafikia kutoka kwetu." Ukanipiga na kanga. "Wamatengo mmefunikwa na milima hadi akilini," ulisema. Nikakuambia afadhali milima kuliko kunuka usipa.

Haya. Oliva.

Oliva ni mjukuu wa Mama Benadeta, wa hapa chini bombani. Yule mrefu mwenye sauti ya kunong'ona. Alikuja na ndoo wiki ya pili baada ya arobaini, akasimama uani. "Shikamoo baba." "Marahaba." "Baba, Mwalimu alilifikia daftari langu?" Nikamuuliza lake lilikuwa la ngapi. Akasema, "Sijui. Ni lile nililochora ngoro." Nikamwambia sijui habari za madaftari, mama. Akaondoka.

Akaja tena wiki iliyofuata. "Shikamoo baba. Hayajaonekana?" Hayajaonekana. Mara ya tatu hakuuliza. Aliamkia, akaangalia pale barazani ilipokuwa meza, akaangalia mlango, akaniangalia mimi, akabeba ndoo yake. Mwalimu, mtoto yule alijua. Na hakusema.

Niliingia ndani nikalivuta kapu. Nikafungua lile la ishirini, lenye kalamu. Lilikuwa la Oliva.

Nilikuwa nimeyasoma yale kumi na tisa kila siku, lakini lile nililiogopa. Amechora shimo kubwa, ngoro yetu hasa, kama tunazochimba mlimani kulimia, tuta pande zote ili maji yasiporomoke. Chini kabisa ya shimo ameweka jua. Na kwenye kuta za shimo, moja juu ya nyingine, sayari zote nane, kila moja na mstari wake unaozunguka. Wewe uliuliza kwa nini sayari hazianguki juani. Wenzake wameandika, "Kwa sababu ya nguvu ya uvutano." Oliva ameandika, "Kwa sababu ziko ndani ya ngoro."

Na wewe hukuweka kosa wala hukuandika Nionyeshe. Kuna nukta moja nyekundu tu mwanzo wa mstari. Ulishusha kalamu uandike neno, kisha ukaiinua. Labda ulitaka kufikiri kwanza. Labda ndipo uliposikia kiu. Nimeiangalia nukta ile hadi nikajihisi kichaa.

Kesho yake nilioga, nikavaa shati la kanisani, nikafunga kapu kwenye bodaboda nikaenda shule. Ni mwendo wa kutembea, lakini niliogopa nikitembea nitarudi.

Mwalimu Mkuu nilimwambia ukweli, nimesimama. Nikasema, yalikuwa chini ya kitanda, nilikudanganya. Akasema, "Nilijua, mzee. Ulipoinuka kunimiminia chai niliuona mkono wa kapu." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ningesema nini? Nilidhani utayaleta." Na wakati huo watoto wanakaribia kufunga shule, alama zao za mada ile hazipo, na mwakani wanaingia la saba.

Darasa lako amepewa Mwalimu Hassani. Humjui. Kijana, kwao wana duka Mbinga mjini, asili yao pwani, ana adabu na anavaa saa kubwa. Alinipokea kapu kwa mikono miwili. Akafungua juu juu, akasema, "Afadhali, mzee. Haya yaliyobaki nitayamaliza saa moja tu, majibu yanafanana." Na ni kweli, yanafanana. Ndipo nikaona kitakachotokea. Atapitisha tiki, tiki, tiki, akifika kwa Oliva ataweka kosa, na itakuwa ndiyo kauli ya mwisho kutoka kwenye kapu lako. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba nikae darasani unaposahihisha." Akashangaa. Akasema, "Karibu, baba, hakuna neno."

Nikakalishwa dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu. Watoto wanageuka kuniangalia. Mwalimu Hassani akawa anaita jina, anasoma jibu, anaweka alama. Akafika la Oliva, akalionyesha darasa. "Oliva, angani hakuna ngoro. Jibu ni nguvu ya uvutano." Darasa likalipuka. "Oliva analima Mshtarii!" "Atapanda maharage Zohali!" "Mwambie bibi yako akachukue jembe!" Hata mimi nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Oliva ameinamisha kichwa. Na kalamu yako ilikuwa mkononi mwa Mwalimu Hassani, inashuka.

Nilinyoosha mkono. Mzee wa miaka hamsini na minne, nimenyoosha mkono kama mtoto. Watoto wakageuka tena.

"Ndiyo, mzee."

Nikasema, "Mwalimu, naomba umwambie akuonyeshe." Nilitaka kuongeza kwamba ndivyo ulivyokuwa ukifanya wewe. Sikuweza.

Mwalimu Hassani aliiweka kalamu chini. Angeweza kuniambia nitoke, ana haki. Akafungua yale madaftari ya kwanza, yale uliyosahihisha wewe, akaona Nionyeshe, Nionyeshe, Nionyeshe. Akasoma na yale ya pembeni. Kisha akamwambia mtoto mwingine, si Oliva, "Umesema nguvu ya uvutano. Inavuta kwenda wapi?" Akajibu, "Kwenye jua." "Sasa kama inavuta kwenda kwenye jua, mbona dunia haiangukii huko?" Akamuuliza wa pili, wa tatu, wale wale waliocheka, wakarudia tu, nguvu ya uvutano. Nilimwona anavyokunja uso, si kwa hasira. Alikuwa anajiuliza na yeye.

"Oliva," akasema, "njoo utuonyeshe."

Oliva akaomba beseni la kunawia. Akaomba gololi, zikatoka mifukoni kama sita, ingawa gololi ni marufuku, na Mwalimu Hassani akajifanya anaangalia dirishani. Oliva akaweka beseni sakafuni, akaitupa gololi kando ya ukuta wake wa ndani. Ikazunguka. Ikazunguka, na sisi wote tumesimama juu ya madawati, hata mimi nimesimama, inazunguka inalia kwenye bati, kisha ikaanza kushuka, ikashuka, ikatulia chini katikati.

"Imeanguka!" wakasema.

"Imechoka," Oliva akasema, kwa ile sauti yake. "Ikiwa inakimbia haianguki. Inataka kushuka lakini inakimbia. Ikichoka ndiyo inaanguka."

Mwalimu Hassani akachuchumaa pale kwenye beseni. Akauliza, "Na zile za juu? Zenyewe hazichoki?"

Oliva akaiokota gololi kutoka kwenye beseni. Akasema, "Hapo ndipo nilitaka kumuuliza Mwalimu."

Mwalimu, sitakuandikia nilivyokuwa wakati huo. Nilitoka nje nikasimama kwenye mlingoti wa bendera.

Niliporudi Mwalimu Hassani alikuwa ameandika kwenye daftari la Oliva, mbele ya ile nukta yako, "Ameonyesha." Alama hakuweka siku hiyo. Aliwaambia watoto hata yeye jibu la swali la Oliva hana, atalitafuta. Kesho yake akaja nalo, akaeleza kwamba huko juu hakuna beseni la kukwaruza wala hewa ya kuzuia, kwa hiyo hakuna kinachozichosha. Oliva akasema, "Aa." Basi. Kwa wengine ishirini na watatu ilimchukua siku tatu badala ya ile saa moja, kila mtoto na swali lake, na boga nililipeleka mimi. Wengi walisimama hatua mbili kutoka mlangoni. Tukawaambia endeleeni.

Watoto waligawiwa madaftari. Yale kumi na tisa pia. Nilidhani nitaomba nibaki na moja, nilikuwa nimeshapanga maneno. Lakini nilimwona yule wa Litembo akifungua lake, akaona ulivyochora kicheko kidogo kando ya sayari ya tisa, akalifunga haraka na kulikumbatia. Ni lake. Sikuomba. Kalamu nayo nimemwachia Mwalimu Hassani, wino bado upo. Nyumba imebaki tupu kuliko mwanzo, nisikudanganye. Chini ya kitanda pana alama ya kapu kwenye vumbi, nami sijafagia.

Ila kuna hili. Alhamisi iliyopita Mwalimu Hassani alipita hapa na kitabu kwapani. Akakaa kwenye benchi, kiti chako hakukikalia, akasema, "Mzee, nimesikia wewe ndiye ulikuwa unaulizwa kwanza. Nina somo la kupatwa kwa mwezi kesho. Hebu niambie, mwezi ukipatwa, ni nani kamziba nani?" Nikamjibu nilivyojua. Nilikosea. Safari hii nilikosea kweli. Akafurahi, akaandika kosa langu, akasema atakuja tena.

Nimesema safari hii kweli. Nikueleze, maana hili ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Jioni ya leo nilipanda shamba la juu, pale kaburini kwako. Ukungu haukuwapo, ziwa lilionekana kule chini kama mstari, na jua lilikuwa linaelekea huko. Nilikaa. Nikangoja uniulize. Nikajiuliza mwenyewe kwa sauti, jua likizama linakwenda wapi, na nikasikia aibu, kisha nikajibu.

Haliendi popote, Mwalimu. Liko pale pale. Sisi ndio tunaogeuka.

Nililijua jibu tangu mwaka ule ule wa kwanza. Ulinieleza kwa boga na mtama jikoni kwa mama yako, nami nikaelewa usiku huo huo. Lakini nilikuwa nimeona unavyofanya kwa watoto. Anayepata unamwekea tiki, unaenda kwa mwingine. Anayekosa unarudi kwake kesho. Kwa hiyo nilisema Malawi. Nikasema Malawi miaka ishirini na mmoja.

Sasa nimejibu, na hakuna wa kuniwekea tiki. Iwe hivyo.

Pumzika, mke wangu. Ninakuahidi boga la kila mwaka litafika mlangoni mwa darasa lako, nitalibeba mwenyewe begani. Na Mwalimu Hassani akija nitajibu kila swali kwa ukweli, nikijua nitasema najua, nikikosa nitakosa kweli. Ile Malawi yangu haitatoka tena kinywani. Ilikuwa yako.

Mimi mjinga wako wa kwanza,
Kosmasi